Mlalamikaji wa Ijumaa

Mvua ya Kisii haina adabu. Hungoja mtu aanike nguo au ashike ufunguo wa mlango, ndipo ishuke. Ijumaa moja ya mwaka sabini na nne ilishuka mapema, ikaupiga mji mpaka mchana ukawa kama magharibi, na ndani ya Ofisi Huru ya Malalamiko Ratemo akalazimika kuwasha taa ya chemni. Alipoinua uso kutoka kwenye utambi alimwona mtu ameketi kwenye benchi. Mlango hakuusikia ukifunguliwa, lakini hilo halikumsumbua, maana mvua ile ingeficha hata kishindo cha ng'ombe sebuleni. Kilichomkwaruza moyo ni kwamba mtu yule alikuwa mkavu.

Mkavu, tena mwenye vumbi. Vumbi jekundu lilimkaa kwenye nyusi, kwenye nywele na kwenye mikunjo ya shati, kana kwamba alitoka kuchimba ardhi wakati wa kiangazi. Nje maji yalikuwa yakikimbia mtaroni na kubeba maganda ya ndizi ya soko zima.

Ofisi yenyewe haikuwa ya serikali. Makanisa na walimu wastaafu waliiunda ili mwananchi aliyeonewa na idara yoyote apate pa kusemea. Kazi ya Ratemo ilikuwa kusikiliza, kwenda kuuliza kulikohusika, kisha kuiomba idara irekebishe. Kuomba tu, kulazimisha hapana. Wachuuzi wa sokoni waliiita Ofisi ya Masikio, kwa kuwa masikio ilikuwa nayo na meno haikuwa nayo. Ratemo alicheka nao, ingawa utani ulimuuma. Aliamini kwa dhati kwamba mtu akisikilizwa vizuri, nusu ya maumivu yake hupoa hapo hapo. Ilikuwa imani njema, na ndiyo iliyomponza.

Sheria ya ofisi ilikuwa moja, nayo Bwana Jeconia Otiende, mkubwa wake, mtu wa kule ziwani aliyezeekea mahakamani kama mkalimani, hakuchoka kuirudia: jina kwanza. Mlalamikaji ataje jina lake, la babake, na kwao ni wapi, ndipo afungue kinywa juu ya shida yake. Asiye na jina hapokelewi, hata akilia damu.

Ratemo aliijua sheria hiyo kuliko alivyojua nyimbo za kanisani. Lakini ilikuwa Ijumaa, naye alikuwa Msabato. Jua likizama Sabato imeingia, na kabla halijazama anatakiwa awe amefika kwake Kebirigo, maji yamechotwa, chakula kimepikwa, kazi zimewekwa chini. Huko Kebirigo Gesare, mkewe, alikuwa na mimba kubwa. Mimba mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika, na safari hii Ratemo alikuwa amemwapia Mungu kwamba hatamwacha mkewe peke yake hata saa moja isiyo ya lazima. Bwana Otiende alikuwa ametoka mapema, basi la Nyamira lilikuwa likipiga honi, na mvua ilitaka kumfungia ndani. Kwa hiyo Ratemo akafanya kosa ambalo Msabato mwenye haraka peke yake angelifanya. Alimwambia mgeni aseme shida yake kwa ufupi, jina watalichukua Jumatatu.

Mtu yule alisema polepole, kwa sauti kavu, kama kokoto zinazomiminwa.

"Nataka kwenda nyumbani. Wameniacha barabarani. Nataka nilale nyumbani kama watu wengine."

Ratemo alidhani ameelewa. Vibarua waliotelekezwa kwenye kambi za barabara walikuwa wengi miaka ile, na kila wiki mmoja wao alikuja kulia. Alitia Biblia kwapani, akachukua kofia, na kwa kuwa moyo wake ulikuwa mwema na miguu yake ilikuwa imeshaanza safari, akaahidi zaidi ya alivyopaswa.

"Nimekusikia, ndugu yangu. Kuanzia leo jambo lako ni langu. Nitalibeba mwenyewe mpaka ulale nyumbani."

Mgeni akatabasamu. Meno yake yalikuwa na udongo. Ratemo aligeuka kuzima taa, na alipogeuka tena benchi lilikuwa tupu, na chumba kilinuka lami mbichi.

Aliposhuka Kebirigo mvua ilikuwa imekatika na jua limebaki kiduchu. Akaingia kwenye kijia cha kwake, katikati ya majani chai, na hapo akasikia hatua nyuma yake. Kijia kile kilikuwa cha tope tupu, viatu vyake vilikuwa vikinyonywa na kuachiliwa, lakini hatua za nyuma zilikuwa zikikanyaga kokoto. Akisimama, zinasimama. Akienda, zinakwenda. Alianza kuomba kwa midomo tu, na hakutazama nyuma mpaka alipoingia uani.

Gesare alimpokea mlangoni, mkono kiunoni. Akamwangalia, kisha akaangalia nyuma yake.

"Mgeni wako mbona haingii?" akauliza.

"Mgeni gani?"

"Si huyo mliyekuja naye? Alikuwa amesimama pale kwenye migomba." Gesare alinyoosha shingo, akasema labda ni kivuli cha jani, na wakaingia kuipokea Sabato. Wakati wa sala Ratemo alifumbua macho. Kwenye maji ya kunywa ambayo Gesare alikuwa ameyachota kisimani na kuyafunika, utando wa vumbi jekundu ulikuwa ukielea.

Jumatatu alimweleza mkubwa wake. Bwana Otiende hakucheka. Aliuliza swali moja tu, jina la mlalamikaji ni nani, na Ratemo aliposhindwa kujibu mzee alivua miwani na kuipangusa kwa muda mrefu. Akasema kwao ziwani mtu asiyetaja jina huachwa nje ya boma mpaka alitaje, hata kama mvua inanyesha, tena hasa kama mvua inanyesha. Hata hivyo alimruhusu Ratemo aende akaulize, kwa sababu ahadi ya ofisi ni ahadi.

Barabara mpya ilikuwa ikikatwa upande wa Nyamache wakati ule. Ratemo alikwenda mpaka kambini, akaelekezwa kwa karani mmoja aliyemwambia bila kuinua kichwa kwamba hakuna kibarua aliyeachwa, hakuna aliyeumia, na kama kuna mlalamikaji na aletwe. Ratemo alitoka amekunja uso. Alipofika kwenye kona, mahali ambapo mlima ulikatwa na tuta kubwa la udongo kujengwa, nyapara mmoja kwa jina Cleophas alimfuata akijifanya anakagua mtaro.

Cleophas alimwambia kwa kunong'ona, macho yakiwa barabarani. Miezi iliyopita ukingo ulianguka juu ya kibarua mmoja, hapo hapo waliposimama. Ilikuwa karibu na magharibi, na mkubwa wa kazi alitaka kona ikamilike kabla ya wageni kutoka Nairobi kuja kuitazama. Akasema mtu amekwisha kufa, kumchimba ni kupoteza kazi ya wiki nzima. Asubuhi yake udongo ulishindiliwa kwa mtambo, na juu yake lami ikamwagwa.

"Alikuwa nani?" Ratemo akauliza.

"Hatukumjua jina. Vibarua tunawaita kwa vyombo vyao. Kuna wa Sururu, kuna wa Toroli. Huyo alikuwa wa Karai." Cleophas akafuta jasho ambalo halikuwapo. "Alikuja peke yake, hakusema kwao. Ndugu, mimi sijakwambia kitu."

Ratemo alihisi ubaridi ukipanda kutoka kwenye nyayo. Alitazama chini, akaona amesimama katikati ya lami, akaruka kando kama aliyekanyaga siafu. Kuanzia siku ile alijua aliyemwahidi ni nani na alichokiahidi ni nini.

Alifanya kazi yake, mtu asimwonee. Alikwenda kwa idara, akaenda tena, akamchukua na Bwana Otiende. Walijibiwa kwa upole, na upole wa ofisi unaua kuliko matusi. Waliambiwa barabara ya umma haichimbwi kwa uvumi. Waliambiwa walete jina la marehemu, au la jamaa yake, au shahidi, na Cleophas alipoitwa akasema hajapata kumwona Ratemo maishani mwake. Wakitoka, Bwana Otiende alisema kwa huzuni kwamba ofisi yao imefika mwisho wa kamba yake. Ratemo alimuuliza nani basi atamweleza mlalamikaji. 

Huko Kebirigo mambo yalikuwa yakichacha. Kila mvua ya alasiri ilipoanza, ndani ya ukuta wa chumba cha kulala kulisikika kokoto zikimiminika, taratibu, karai baada ya karai. Harufu ya lami iliingia kwenye uji, kwenye maziwa, kwenye kitambaa cha kichwa cha Gesare. Ukuta ulipopakwa udongo mpya ulikauka na kupasuka siku hiyo hiyo. Ratemo aliacha kulala Nyanchwa, pale Kisii, alikopanga chumba cha siku za kazi, akawa anarudi nyumbani kila jioni. Mchungaji wa Nyanchwa alikuja na wazee wa kanisa, wakaimba na kuomba kwa nguvu mpaka sauti zikawakauka. Wakati wanaomba kelele ilinyamaza. Walipovuka kijito kurudi kwao, ikaanza tena, na safari hii haikutoka ukutani. Ilitoka chini ya kitanda, upande anaolala Gesare.

"Kinataka nini kwangu?" Gesare aliuliza siku hiyo, mikono yote miwili juu ya tumbo. "Mimi sikumwahidi mtu kitu."

Ratemo akamweleza yote. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, na hakumlaumu, jambo lililomuumiza zaidi. Alisema tu kwamba yeye ni Mkristo aliyebatizwa kwa maji mengi, lakini mtoto huyu wa tatu hatampoteza kwa kuona haya, na alfajiri akatumwa mtu kumwita Nyanchera.

Nyanchera alikuwa omoragori, mpiga ramli mkongwe wa upande wa Nyamache, ambaye Wasabato walimsema vibaya mchana na kumtafuta wakishikwa na shida. Alikuja kwa miguu, akaketi kwenye kigoda, akanusa hewa. Watu wa pwani wangesema hapa pana jini. Nyanchera alisema ni mmoja wa ebirecha, wafu wasiotulia, na kwamba huyu hana ubaya wa kuzaliwa nao.

"Niambie ulichomwambia," akasema. "Maneno yenyewe, usiyapunguze."

"Nilimwambia jambo lake ni langu, magokoro, bibi yangu. Nikasema nitalibeba mpaka alale nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

Ratemo aliyapitia maneno yale kichwani, neno kwa neno.

"Hukusema. Na yeye kwao hakukutajia. Basi nyumbani ni hapa." Bibi huyo alitikisa kichwa polepole. "Mwanangu, ungeuliza jina, angelitaja, na tungelijua pa kumpeleka. Mfu huitwa kwa jina. Asiye na jina unamfukuza kwa kumwita nani?"

Hata hivyo alijaribu. Desturi ya huko ni kwamba mtu akifia mbali na mwili usipatikane, huzikwa gogo la mgomba badala yake, likaitwa kwa jina la marehemu, na roho ikaridhika. Nyanchera aliamuru gogo likatwe urefu wa mtu mzima. Walichimba shimo nje ya mpaka wa shamba, kando ya njia, ili yule mfu asidai boma. Gogo likafungwa blanketi, likalazwa. Bibi akaita mara kadhaa, kwa sauti iliyokuwa ikipungua, akisema Wewe wa Karai, wewe wa Karai, hapa ndipo kwenu, lala. Hakuna kilichojibu. Wakafukia, wakaweka mawe juu.

Asubuhi Gesare ndiye aliyefungua mlango kwanza, na Ratemo aliposikia kimya chake akaruka kutoka kitandani bila shati na kumkuta amesimama kizingitini ameshika mwimo wa mlango, na mbele ya miguu yake lilikuwa lile gogo, blanketi limekunjwa vizuri pembeni kama linavyokunjwa na mtu aliyefundwa adabu, na gogo lenyewe, ambalo jana lilikuwa likitoa utomvu wa kuchafua nguo, lilikuwa limekauka likawa jepesi kama ganda, limejaa vumbi jekundu toka ncha hadi ncha, ingawa usiku kucha mvua ilikuwa imenyesha na ua mzima ulikuwa maji, na katika tope lile, kutoka njiani hadi mlangoni, hapakuwa na alama ya mguu hata mmoja. Gesare alianza kusema kitu, kisha akashika tumbo na kupiga magoti. Uchungu ulikuwa umeanza kabla ya wakati wake.

Ratemo alikaa nje siku nzima, chini ya paa, akisikiliza. Mvua ya alasiri ilikuja, na pamoja nayo kokoto, ukutani, darini, chini ya miguu yake, zikimiminika kwa haraka ambayo hakuwahi kuisikia, kama vibarua wanaowahi kumaliza kazi kabla ya giza, na kati ya kelele hizo alisikia mkewe akiguna, akamsikia mkunga akimtia moyo, akaanza kuomba, akachanganya maneno, akamwomba Mungu kisha akajikuta anamwomba yule mwingine, akimsihi amwachie huyu mmoja tu, na yeye atakwenda kwa waziri, atakwenda Nairobi kwa miguu, ataichimba barabara kwa kucha zake. Halafu kila kitu kilinyamaza mara moja. Hata mvua ilikatika.

Mkunga alitoka akitabasamu. Mtoto wa kiume, mzima. Hakulia, akasema, lakini anapumua vizuri.

Ratemo alilia kwa niaba yake. Alimbeba mwanawe, akamwita Onchiri, jina la babu yake, na boma lote likashangilia. Kuta zilinyamaza, maji yakawa safi, harufu ikaisha. Mchungaji alitoa shukrani kanisani. Bwana Otiende alileta jogoo kutoka ziwani. Hata Gesare, ambaye hakuwa mwepesi wa kuamini mema, alianza kuimba akichuma majani chai.

Nyanchera alikuja kumwona mtoto. Hakumshika. Alisimama mbali kidogo akiwa ameficha mikono ndani ya shuka, akamtazama mtoto, na mtoto akamtazama, bila kupepesa. Alipotoka, Ratemo alimsindikiza na kumuuliza kwa furaha iliyokuwa imeanza kutetemeka kama sasa mambo yamekwisha.

"Mfu hataki kuishi, mwanangu," Nyanchera alisema. "Huyo alikuomba kulala nyumbani. Alikuwa hana mwili wa kulaza, wala jina la kuitwa. Sasa anavyo vyote viwili, na umempa wewe." Akaendelea kwa sauti ndogo zaidi. "Mpendeni. Msimkasirishe. Hakuna dawa ninayoijua."

Ratemo hakumwambia mkewe. Aliacha kazi kule Kisii, akasema anataka kulima. Alimlea mtoto kama mtu anayebeba yai kwenye utelezi. Alimchemshia maji, alimvisha soksi wakati wa jua, alimtoa njiani kila gari la majani chai lilipopita. Onchiri alikua. Hakuugua hata mafua. Alikuwa mpole, mtiifu, hakulia hata alipoungua na sufuria. Alipoitwa kwa jina lake aligeuka baada ya kitambo, kama mtu anayekumbuka kwamba ndiye anayeitwa. Kila alipoogeshwa, maji yalibaki na wekundu ndani ya karai. Gesare aliyamwaga mbali na nyumba, na Ratemo akajua kwamba mkewe hakuwa amehitaji kuambiwa.

Waliishi hivyo miaka mitatu, wawili wanaopendana, kila mmoja akimficha mwenzake hofu ile ile. Mtu akiniuliza kwa nini hawakukimbia, nitamuuliza wangekimbilia wapi na mtoto wakiwa wamembeba mgongoni.

Alasiri moja kabla ya mvua Ratemo alikuwa akipalilia, na Onchiri akaja kumshika mkono. Akamwongoza mpaka ubavuni mwa nyumba, upande wa kulia, ambako wanaume wa boma lile huzikwa na ambako Onchiri mkubwa alilala chini ya mchongoma. Palikuwa na nafasi wazi, nyasi fupi. Mtoto alilala chali pale, akanyoosha miguu, akapanga mikono kifuani, akasogea kidogo kushoto mpaka akaona panatosha. Ratemo alisema amka, baba, nyasi zina unyevu.

"Hapa ni pazuri," mtoto akasema, kwa furaha. Ilikuwa mara ya kwanza Ratemo kumwona akicheka. "Baba, umefanya vizuri. Asante."

Ratemo alimnyakua, akamkimbiza ndani, akamweka mapajani mwa mamake na kufunga mlango, ingawa hakujua anamfungia nani nje. Mvua ikaanza kupiga mabati. Walikaa karibu na moto wote watatu. Gesare alimfunika mtoto kwa kanga, akamsugua mgongo, akamwimbia. Kisha wimbo ukakatika. Aliweka kiganja kwenye paji la uso la mtoto, akakiacha hapo, akakigeuza, akakiweka tena.

"Baba Onchiri," akasema taratibu, bila kumtazama mumewe. "Ameanza homa."